Ng'ombe Waliomwoa Mama

Wiki ya mwisho ya kampeni, wakwe wa shangazi yangu walisafiri kutoka upande wa Bulyanhulu mpaka kwetu Mhunze, Kishapu, kudai ng'ombe wa mahari, kwa sababu shangazi alikuwa anagombea udiwani na alikataa kujitoa. Tatizo ni kwamba ng'ombe wale hawakuwepo. Walitoka zizini kwetu kabla sijazaliwa, wakaenda kumwoa mama yangu.

Kwetu Usukumani hilo si jambo la ajabu. Binti akiolewa, ng'ombe wake hawakai zizini kutazamwa. Kaka yake anasubiri zamu ya kuoa kwa ng'ombe hao. Baba ndiye aliyekuwa kaka mwenye zamu. Shangazi akaenda kwa mumewe, ng'ombe wakaja Mhunze, wakala majani yetu msimu mmoja, wakaswagwa tena kwenda kwa babu mzaa mama. Ndiyo maana shangazi kila akitutembelea humwita mama "mke wangu," na mama huitika bila kucheka.

Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa bahati. Nilikuwa nimeomba likizo kwenye redio ninayofanyia kazi Kahama, maana huwezi kutangaza habari za uchaguzi wakati mgombea mmoja ni shangazi yako, na badala yake nikawa mtu wake wa kipaza sauti. Alinituma Mhunze nimletee michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa ajili ya jiko lake. Nilikuwa nafunga gunia wakati wakwe walipoingia uani: shemeji mkubwa, yaani kaka wa mume wa shangazi, na wadogo zake wawili.

Mama aliacha choroko alizokuwa anapura akaleta uji. Shemeji mkubwa akaweka kiganja juu ya kikombe. Mkwe kukataa uji ni taarifa kamili. Kinachobaki ni maelezo tu.

"Shemeji," akamwambia baba, "dada yako anatupanda kichwani. Mumewe ni mwenyekiti wa tawi la chama, wazazi wetu wamezikwa na kadi za chama. Yeye amesimama na hicho chama cha mafundi simu. Mwambie ajitoe. Asipojitoa, mturudishie ng'ombe wetu."

Baba alikuwa anasokota kamba ya mkonge na hakuiacha. "Ng'ombe mnaowadai mmeshawasalimia mlipoingia," akasema, akaelekeza kidevu kwa mama.

"Basi mnisubiri nimalize choroko," mama akasema. "Na mjue nilitoka kwenu nikiwa mtamba. Sasa kwato zinaniuma."

Mdogo wao mmoja akacheka. Kaka yake akamtazama, kicheko kikaisha.

"Mwenye mke yuko wapi?" baba akauliza.

Hapo ndipo walipokosea, na walijua. Ng'ombe hawadaiwi na ndugu peke yao. Anayewadai ni mwenye mke, na anakuja na mshenga yule yule aliyepeleka posa. Wao walikuja bila mume, bila mshenga, wakidhani hasira inatosha.

"Mshenga ni mzee sana, hasafiri," shemeji mkubwa akasema.

"Basi nyie mmekuja kututembelea. Karibuni uji."

Shemeji mkubwa akasimama. "Mwenye mke atakuja," akasema. "Nitamleta mwenyewe, na mshenga tutambeba."

Walipokwisha kupita njia ya kisimani ndipo nilipoona kwamba kamba mikononi mwa baba ilikuwa imefumuka yote. "Kesho urudi kwa shangazi yako," akaniambia. "Usimwambie ajitoe. Lakini ujue, yule bwana akija hapa na mshenga, sina zizi la kumjibu. Ndoa ya dada yangu itakuwa imekufa, na mimi nitakuwa nimemwoa mama yako kwa ng'ombe wa watu."

Nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo hayakuanza na hasira.

Shangazi anapika kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Banda lake ni la mabati na miti, na liko katikati ya maduara, yale mashimo marefu ambayo vijana hushuka kwa kamba, na karasha zinazosaga mawe kutwa nzima. Ukiongea hapo lazima upaze sauti, na nadhani ndiyo sababu shangazi hakuhitaji sana kipaza sauti changu. Wachimbaji wanamwita Mayu, mama kwa Kisukuma. Hata hivyo, kata nzima bado inamwita mtu wa kuja, mtu wa Kishapu, ingawa alifika pale kabla mgodi mkubwa wa Bulyanhulu haujazungushiwa uzio.

Chama chake ni kidogo. Bendera yake haikuwahi kupepea katika kata ile. Kilikuwa na mgombea mzuri, kijana mwenye karasha, lakini siku chache kabla ya kurudisha fomu zikaja habari kwamba dhahabu imetema, yaani imeonekana kwa wingi, upande wa Bukombe. Mgombea akapakia karasha kwenye lori akafuata dhahabu. Katibu wa chama hicho katika kata, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu, alikuja kula kwa shangazi huku amekata tamaa.

"Hiyo fomu inataka mtu awe amesoma mpaka wapi?" shangazi akamuuliza, akimwongezea mchuzi wa dagaa.

"Ajue kusoma na kuandika tu, Mayu."

"Niletee. Ila umalize ugali kwanza, wasije kusema nimekuhonga mboga."

Katibu alidhani ni utani. Shangazi hakuwa anatania. Mwaka uliotangulia mke wa mwanawe alijifungulia njiani kwenda hospitali, mchana kweupe, kando ya barabara ya malori, dereva wa bodaboda amegeuza uso kuelekea shamba la pamba akisema "pole dada, pole dada" mpaka mtoto alipolia. Mtoto yuko hai na ana mashavu kama maandazi. Lakini hatua chache kutoka banda la shangazi kuna boma la zahanati, kuta zimesimama, bati hakuna, na kila uchaguzi wagombea hupiga picha mbele yake. Ndani yake mbuzi huingia kukwepa jua na kukuta jua limeingia pia.

Mkutano wake wa kwanza aliufanyia humo humo ndani. Alichagua saa saba, jua la utosini, na akakataa turubai. Wachimbaji walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya kuta, miguu ikining'inia kwenye madirisha. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

"Mnasikia joto?" akaanza.

"Tunasikia!"

"Hii ndiyo wodi ya wazazi. Mmekaa kwa muda wa kunywa soda, mmeanza kujifunika kofia. Mjukuu wangu alikataa kuzaliwa humu, akachagua barabarani. Sikumlaumu."

Akawaambia anavyoiona serikali, na aliiona kutoka jikoni. "Mchimbaji akitoka duarani akakuta ugali haujaiva, ananiambia hapo hapo, na mdomo wake mnaujua. Diwani akikosea mnamwambia baada ya miaka mitano. Ndiyo maana ugali wangu hauchelewi."

Kijana mmoja aliyekaa dirishani, amejaa vumbi jeupe la mawe mpaka kwenye nyusi, akapaza sauti: "Mayu, ukienda kukaa kwenye baraza la madiwani, nani atatupikia?"

"Wewe. Unajua kupepeta dhahabu ndogo kama chawa kwenye karai, mchele utakushinda?"

Kuta zilitikisika kwa vicheko. Kisha akasema lile ambalo baadaye lilibebwa minadani mpaka Kahama.

"Kura si mahari. Ng'ombe wa mahari akishatoka zizini hageuki nyuma, na mke anakaa, mume awe mzuri awe mbovu. Kura ni ng'ombe wa kuazimwa. Unampa mtu akamue, na baada ya miaka mitano ng'ombe anarudi kwako. Ukimkuta amekonda, usimrudishe kwa yule yule kwa sababu tu mmezoeana."

Niliona wazee wa ng'ombe waliosimama nje wakitazamana na kuitikia kwa vichwa polepole, kama watu waliopewa bei nzuri. Niliwahi kuhudhuria mikutano mingi kwa kazi yangu, na sijawahi kuona mkutano ambao watu walisahau kuomba posho. Siku ile walisahau.

Si kwamba nilikubaliana naye kwa yote. Shangazi aliamini kwamba mwanaume anayekimbilia machimbo mapya na kuacha watoto apigwe faini na baraza la kijiji na arudishwe hata kwa kamba. Nilipomwambia kwamba diwani hana mamlaka ya kumfunga mtu kamba, akanijibu kwamba hilo ndilo lililoharibu nchi. Pia aliona vijana wanaosubiri serikali iwachimbie hata choo ni wagonjwa. Alilisema hilo jukwaani mara mbili, katibu wake akishika kichwa.

Kuhusu familia, msimamo wake niliuona nyumbani kabla ya kuusikia. Asubuhi ya kwanza niliyolala kwake, niliamka nikamkuta anapiga pasi ya mkaa shati la chama cha mumewe. Shati lenyewe lilikuwa na picha ya mgombea mwingine, anayeshindana naye, imechapwa mgongoni. Alikuwa anaipitisha pasi juu ya uso ule kwa uangalifu, asiunguze pua.

"Shangazi, hilo nalo unapiga pasi?"

"Akitoka na shati lililokunjamana watasema mgombea hawezi hata nyumba yake."

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa uji, mtu mrefu, mpole, asiyesema neno kabla ya kulizungusha mdomoni. "Kola," akasema.

"Kola nimeshapiga. Na leo mnaenda kijiji gani?"

"Siri ya chama."

"Basi upite kwa fundi baiskeli, urudi na tairi. Siri yenu iko njia hiyo hiyo."

Akaenda kuwaomba watu wasimchague mkewe, na jioni akarudi na tairi. Nilimuuliza shangazi kama haimuumi. Akaniambia chama ni shati, mtu analivua mlangoni. "Nyumba ambayo wote wanawaza kitu kimoja," akasema, "humo kuna mtu aliyekwisha kunyamazishwa. Mimi namtaka mume wangu akiwa na akili yake. Ubishi wake ndio ninaoufanyia mazoezi."

Kwa hiyo walikuwa wanaishi vizuri. Waliokosa usingizi ni wengine. Kwenye vikao vya tawi wakaanza kumuuliza mwenyekiti wao: utaongozaje tawi wakati chumba chako kimekushinda? Kaka yake mkubwa ndiye aliyeumia kwa niaba yake, akakusanya wadogo zake, wakapanda basi kwenda Mhunze. Hapo ndipo nilipoanzia.

Niliporudi machimboni na gunia langu la michembe, shemeji mkubwa alikuwa ameshafika kabla yangu. Nilimkuta amekaa na mume wa shangazi barazani, viti vimesogezwa karibu. Nilisalimia, "Shikamooni." Mume wa shangazi akaitika marahaba kwa sauti ndogo. Kaka yake hakuitika kabisa.

Jikoni nilimweleza shangazi yote: uji uliokataliwa, choroko, mshenga, kamba iliyofumuka. Alicheka sana kwa lile jibu la mama la kwato. Kisha akaacha kucheka.

"Baba yako alisema nijitoe?"

"Alisema nisikwambie ujitoe."

"Na huyu mume wangu," akaelekeza mwiko barazani, "amesema nini?"

"Sijamsikia akisema kitu."

"Hata mimi," akasema. "Toka juzi."

Siku ya kufunga kampeni, chama kikubwa, kile cha mumewe, kilipewa uwanja wa mpira mchana. Shangazi alifunga mkutano wake asubuhi. Alipiga pasi shati kama kawaida. Mumewe alilivaa bila kusema kola. Kaka yake, aliyekuwa anamsubiri nje, alimwambia kwa sauti ambayo sisi wa jikoni tulikusudiwa kuisikia: "Leo useme mbele ya watu. Umkane, kesho kutwa twende Mhunze."

Walipoondoka, shangazi akavua aproni.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Mkutanoni. Ni mkutano wa hadhara, mimi si hadhara?"

Tuliingia uwanjani wakati muziki unapigwa. Watu walipomwona walifungua njia kama maji, na minong'ono ikakimbia mbele yetu mpaka jukwaani. Alitandika kanga chini, mstari wa mbele kabisa, akakaa na kunyoosha miguu. Mimi nilisimama kando yake na kinasa sauti changu, ingawa nilikuwa likizo. Mkono uliingia mfukoni wenyewe. Juu ya jukwaa shemeji mkubwa alikuwa amepewa kiti kwenye meza ya wageni. Uwanja mzima ulijua habari ya ng'ombe. Wachimbaji walikuwa wamezima karasha ili wasikie.

Mwenyekiti wa tawi akaitwa. Akashika kipaza sauti, akakitazama, akalizungusha neno la kwanza mdomoni kwa muda mrefu.

"Nimemwombea mgombea wetu kura kata nzima," akasema, "na leo namwombea tena. Ameahidi bati za zahanati. Nitamsimamia mpaka ziwe juu."

Makofi. Shangazi naye akapiga.

"Sasa kuna la nyumbani. Kaka yangu huyu hapa anasema niende Mhunze nikadai ng'ombe."

"Ng'ombe wale niliwachunga mwenyewe. Ninawajua kwa rangi. Nimefikiri, nikienda Mhunze leo nitawaona wapi? Nitamwona shemeji yangu, na mke wake, na watoto wao. Mmoja yule pale mnamwona, amesimama na mashine." Alikuwa ananielekeza mimi. "Yule ni yule mweupe wa pembe moja, aliyekuwa msumbufu kwenye maji."

Uwanja ulilipuka. Watu walinigeukia, mwingine akanipigia mluzi wa kuswaga ng'ombe, na mimi nilicheka mpaka kinasa sauti kikanasa kicheko changu tu. Hata mgombea wao alikuwa ameinamia meza. Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshika mdomo, macho yote yako kwa mumewe, kwa sababu yeye alijua sentensi haijaisha.

Mumewe alisubiri watulie. "Kwa hiyo," akasema, "jambo hilo la ng'ombe nitalitazama baada ya uchaguzi. Wabeja, asanteni."

Akaketi.

Njiani watu walibishana kama baada ya mechi. Wengine walisema amekataa, na amekataa kwa heshima. Wengine walisema hapana, ameahirisha, na kaka yake kwenye meza ya wageni alikuwa anatabasamu. Shangazi alitembea na kanga yake begani, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka kwa ndani.

"Amesema kama serikali," akaniambia. "'Nitalitazama.' Ukisikia hivyo, mwanangu, jua macho yake yapo kwingine."

"Lakini macho yake yapo wapi, shangazi?"

"Hilo sasa."

Alishindwa. Kwenye vituo vya machimboni aliongoza, na vijana wakambeba juu juu mpaka bandani kabla matokeo ya vijiji vya mbali hayajafika. Yalipofika wakamteremsha taratibu, na yeye akauliza nani hajala. Mumewe alikuja jioni ile na shati lake la ushindi. Akalivua mlangoni, akakaa, akaomba maji ya kunawa. Tulikula ugali na dagaa, kisha michembe. Hakuna aliyetaja ng'ombe.

Mwisho wa mwaka shemeji mkubwa alikwenda kumkumbusha mdogo wake. Akajibiwa, "Bado natazama." Mbao za kenchi za zahanati zimeletwa na zimepangwa ndani ya boma; mbuzi wanalala juu yake. Shangazi ameshamwambia katibu fundi simu kwamba safari ijayo asimpe fomu mtu mwenye karasha, amletee yeye siku ya kwanza. Habari hizo zilifika kwa wakwe siku hiyo hiyo.

Mhunze, baba amenunua mtamba. Tulipomuuliza wa nini, akasema zizi tupu linaleta nyoka. Mama anamwita mtamba huyo "mke mwenzangu" na anamkatia majani mwenyewe.

Nimempigia mshenga simu. Anasikia kwa shida lakini akili yake iko sawa. Aliniambia yuko tayari kusafiri, hata kwa kubebwa, ila atakwenda akiitwa na mwenye mke, si na mtu mwingine. Mpaka naandika haya mume wa shangazi hajamwita, wala hajamwambia kaka yake kwamba hatamwita.